Kalibu ya Nne ya Orrin Tveit

Orrin Tveit alinoa misumeno kwa miaka thelathini na minne katika kiwanda cha mbao cha Larkin Fork, kaskazini-magharibi mwa Montana, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumrudishia msumeno kwamba haukati. Alikuwa mtu wa vipimo. Mkewe, Ardis, alipenda kuwaambia watu kwamba Orrin hata akipewa kisu akate keki, husimama kwanza, hufumba jicho moja, na wageni husubiri.

Alipostaafu, uangalifu ule haukustaafu. Ulihamia gerejini. Huko, kwenye meza ya mbao nene aliyoiunga mwenyewe, alifunga mashine ndogo ya chuma yenye mpini, akaanza kujitengenezea risasi za bastola. Hakuwa peke yake. Katika nchi ile mpiga shabaha hatupi ganda lililokwisha kufyatuliwa. Huliokota, hulisafisha, hulirudishia umbo lake, hulitia fataki mpya, yaani kile kidude kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti, hulitia baruti yenyewe, hulipachika kichwa kingine cha risasi, nalo likaanza maisha upya. Ganda moja zuri la shaba huweza kufyatuliwa mara kumi na zaidi.

Siri yote iko kwenye kalibu, zile silinda fupi za chuma zenye tundu ambazo hukazwa juu ya mashine, moja kwa kila hatua. Ganda likishafyatuliwa huwa limevimba, kama mguu uliotembea kutwa. Kalibu ya kwanza hulibana kiuno likarudi wembamba wake, na papo hapo husukuma nje fataki iliyokufa. Ya pili hulipanua mdomo kidogo, kiasi cha unywele, ili kichwa kikae bila kukwaruzwa. Ya tatu hukisukuma kichwa ndani, na ukiishusha sawasawa, hukunja ukingo wa mdomo ukaingia kwenye mfereji mwembamba uliozunguka kichwa, kikashikwa kama jino kwenye fizi.

Wageni wa kazi hii walipomwuliza wanunue kalibu za aina gani, Orrin alikuwa na jibu moja. "Nunua zenye pete ya chuma kigumu ndani. Usipofanya hivyo utakaa unapaka mafuta ganda moja moja na kulifuta, mpaka mkeo ahame."

"Na zenye pete wanahama vilevile," Ardis alisema siku moja akipita na kapu la nguo.

Zile tatu, za bastola yake ya kipimo cha arobaini na nne, alikuwa nazo kwa miaka ishirini. Ya nne aliinunua wakati wa majira ya kuchipua, mwaka ule aliofikisha miaka sabini na mmoja. Hii haikukunja mdomo. Ilibana tu, taratibu, pande zote, hatua ya peke yake baada ya kichwa kukaa. Kwa risasi nyepesi za shabaha, ilikuwa kitu cha ajabu. Haikukwangua kichwa, haikupinda ukingo, na matundu kwenye karatasi yake ya shabaha yakaanza kusogeleana kama kondoo kwenye baridi.

Leland Boggess, rafiki yake wa klabu ya shabaha, alizishika zile risasi akazigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "We mzee, hizi unazifyatua au unazipeleka kwa sonara?"

"Rudisha. Una mikono ya mafuta."

"Si ndiyo nasema. Ukifa tutakuzika nazo shingoni."

Orrin alicheka, akampa boksi moja.

Orrin na Ardis walikuwa na mtoto mmoja, Marit, miaka thelathini na minane, mrefu kama baba yake na mkaidi kama mama yake. Kazi yake ilikuwa samaki. Kila Septemba alipanda vijito vya milimani kwa miguu, akihesabu mashimo ambayo samaki huyachimba kwenye changarawe ili watage. Alikuwa ametembea na dubu maisha yake yote, maana yake alikuwa akijua walipo na kupita kwingine. Kiunoni alibeba kopo la pilipili ya kumpulizia dubu machoni, na lilimtosha. Lakini mwaka uliotangulia mwenzake mmoja alikimbizwa na dubu upepo ukiwa unavuma upande wake, na kopo la pilipili dhidi ya upepo humrudia mwenyewe machoni. Marit akanunua bastola. Alichagua nyepesi kuliko zote, ya matundu matano, uzito wake kama chupa ndogo ya maji, kwa sababu mtu anayebeba mzigo maili kumi na moja huhesabu hata kijiko.

Ilikuwa ya kipimo kile kile cha arobaini na nne. Akamwambia baba yake kwenye simu, kama habari tu.

"Usinunue risasi," Orrin alisema. "Nitakutengenezea."

"Si lazima, Baba."

"Nimesema nitakutengenezea."

Alipokata simu Ardis alimtazama, akaona mumewe anang'aa. Tangu Marit ana miaka kumi na saba hakuwahi kuhitaji kitu kutoka kwa baba yake. Gari alinunua mwenyewe, masomo alijilipia kwa kufagia na kupika kwenye kambi za wazima moto, nyumba akajenga na marafiki. Orrin alikuwa akimpelekea vitu vidogo alivyovinoa, visu na shoka, naye alishukuru na kuvitundika ukutani. Sasa ameleta haja, na haja yenyewe iko juu ya meza ile ile aliyokuwa akiisimamia kila siku.

Alitengeneza risasi hamsini. Hizi hazikuwa za karatasi, zilikuwa nzito, za kumsimamisha mnyama. Aliyapima maganda yote urefu, akatupa manne. Akayapitisha kalibu ya kwanza, akayapitisha ya pili. Alipofika ya tatu akasita. Kalibu ya tatu alikuwa ameiseti kwa vichwa vingine, vifupi zaidi, na kuiseti upya ni kazi: unashusha nusu mzunguko, unajaribu, unapima, unapandisha robo, mpaka ukingo ukunjike ndani ya mfereji bila kulipasua ganda. Ilimchukua mchana kutwa mara ya mwisho. Na ya nne ipo hapo, imekwisha kusetiwa, inatoa kazi safi. Akaitumia ya tatu kusukuma vichwa tu, bila kukunja, halafu akabana midomo yote kwa ya nne. Zilipokaa kwenye boksi zilikuwa nzuri kiasi kwamba alimwita Ardis aje azione.

Lakini hakuwa mjinga. Alijua kinachowapata watu kwenye bastola ya silinda. Kila risasi inapofyatuka, bastola hupiga teke nyuma, na zile risasi nyingine zilizo ndani ya silinda hurudi nayo kwa ghafla. Ganda hurudi, kichwa hubaki. Ndiyo maana kichwa lazima kishikwe. Kisiposhikwa vizuri, teke baada ya teke, hutambaa kutoka mdomoni mwa ganda mpaka ncha yake ichomoze mbele ya silinda, na hapo silinda haizunguki tena. Namna ya kujua ni rahisi. Jaza bastola, fyatua zote isipokuwa ya mwisho, kisha toa ile ya mwisho uipime. Alifanya hivyo kwa risasi sita za ziada kwenye bastola yake, chuma kizito kama pasi ya mkaa. Kichwa hakikusogea hata kidogo. Akapanga kufanya hivyo hivyo kwenye ile ya Marit atakapokuja.

Marit alikuja Jumamosi mchana, injini ya pikapu hata hakuizima.

"Ziko tayari, Baba?"

"Ziko. Kaa mpaka kesho, tukazijaribu kwenye hiyo yako. Nusu saa tu."

"Kesho alfajiri natakiwa kuwa juu ya kijito, Tavis ananisubiri na hema. Kwani hujazijaribu?"

"Kwenye yangu."

"Basi si umezijaribu." Akanyoosha mkono dirishani. "Vitu vyako lini vimewahi kukwama?"

Orrin alishika lile boksi kitambo. Baadaye alikuja kukihesabu kitambo kile, mara nyingi sana, na kila mara kilikuwa kifupi. Neno lilikuwepo kinywani, dogo tu: ngoja. Lakini sifa aliyopewa na mwanawe ilikuwa imekaa juu ya lile neno, na Ardis alikuwa anapiga kelele kutoka jikoni kwamba mtu asiondoke bila pai. Akampa.

Jumanne, saa nane mchana, simu ililia. Ardis ndiye aliyeipokea, na Orrin, aliyekuwa anavua buti mlangoni, alimwona mkewe akitafuta kiti kwa mkono kama kipofu. Alikuwa Tavis, mwenzake Marit kazini. Dubu. Yuko hai. Helikopta imemchukua, inampeleka Missoula.

Ni maili mia moja na thelathini. Orrin aliendesha, Ardis akashikilia simu mapajani kama ndege asiyeruka. Walipofika kwenye kona ya mto, barabara ilikuwa inatengenezwa, na mwanamke mmoja mwenye kofia ngumu na fulana ya njano alikuwa amesimama katikati na kibao cha SIMAMA. Mbele yao magari tisa. Walikaa dakika tano, dakika kumi. Orrin akashuka, akapita magari yote kwa miguu.

"Mama, binti yangu yuko hospitali. Dubu amemrarua. Tafadhali."

Yule mwanamke alimtazama, na macho yake yakajaa. "Pole sana, mzee wangu. Haki ya Mungu ningekupitisha. Lakini mbele kuna lami ya moto njia nzima, na gari la kuongoza liko upande wa pili. Nikikugeuzia kibao hiki utakutana na malori uso kwa uso."

"Litarudi lini?"

"Sijui. Redio haishiki hapa bondeni."

Orrin alibaki amesimama kando yake, mikono imening'inia. Hakuwa na cha kurudi kufanya garini, wala cha kufanya pale. Yule mwanamke akatoa chupa yake ya kahawa akammiminia kwenye kifuniko, naye akanywa kwa sababu alipewa.

Hospitali walikuta Marit yuko chumba cha upasuaji tangu saa mbili zilizopita, akabaki humo saa nyingine nne. Tavis alikuwa kwenye ukumbi wa kusubiri, suruali bado mbichi mpaka magotini, damu iliyokaukia kwenye mikono ya shati haikuwa yake. Alikuwa kijana wa watu, mpole, ndevu nyekundu. Ardis alimkumbatia, na alipokaa alianza kueleza bila kuulizwa, kama mtu anayetapika.

"Kijito kilikuwa kinapiga kelele. Hatukumsikia, wala yeye hakutusikia. Jike, ana watoto wawili. Mimi nilikuwa nyuma, labda hatua mia mbili. Upepo ulikuwa unatoka kwa dubu kuja kwetu. Nikasikia mlio, halafu mwingine. Nikajua ni Marit. Nikangoja wa tatu. Sikuusikia. Nikamsikia yeye anapiga kelele, 'Imekwama! Imekwama!' Nikakimbia na kopo. Nilipofika dubu alikuwa juu yake. Niliwapulizia dubu na Marit wote wawili, sikuwa na namna. Dubu akaondoka na watoto wake. Wale watoto walikuwa wanalia, unajua? Kama watoto wa mtu."

"Ahsante, mwanangu," Ardis alisema. "Ahsante."

Neno lile moja, imekwama, lilikuwa limemwingia Orrin na halitoki. Akaitazama mikono yake juu ya magoti.

Asubuhi iliyofuata, afisa wa wanyamapori alikuja kuchukua maelezo, mtu mwenye adabu, kofia mkononi. Alikuwa na mfuko wa plastiki wenye bastola, na bahasha ndogo. "Ilibidi tuigonge silinda kwa gogo la mbao ndipo ifunguke. Maganda mawili yametumika, risasi tatu nzima. Ziko humo. Nani atasaini?"

Orrin akasaini. Akaenda nazo mwisho wa ukumbi, kwenye dirisha linalotazama maegesho, akamimina ile bahasha kiganjani. Hakuhitaji kipimo. Zote tatu zilikuwa zimerefuka. Moja, ile iliyofuata zamu, kichwa chake kilikuwa kimechomoza kama ulimi wa mtoto anayekukejeli.

Alirudi nyumbani siku hiyo kuchukua nguo za Ardis, akaingia gerejini kwanza. Marit alikuwa amebeba risasi kumi tu, zilizobaki alimrudishia dirishani Jumamosi ile ile, hakutaka uzito. Orrin alichukua mojawapo ya zile arobaini, akaisimamisha kichwa chini juu ya meza, akaegemea kwa kiganja. Kichwa kikazama ndani ya ganda kwa urahisi, kama kizibo. Akachukua risasi ya zamani, ya miaka sita nyuma, iliyokunjwa kwa kalibu ya tatu. Akaiegemea kwa uzito wake wote mpaka kiganja kikabaki na alama. Haikusogea.

Hakuna alichojifunza pale. Yote aliyajua. Aliwahi kuwasomea watu somo hili hili, klabu nzima, amesimama mbele na kikombe cha kahawa: kubana ni kwa karatasi, kukunja ni kwa teke.

Ardis alisikiliza habari hiyo kwenye ngazi za hospitali, mahali pekee walipopata faragha. Hakupiga kelele. Alikunja na kukunjua risiti ya mkahawa.

"Nitamwambia akiamka vizuri," Orrin alisema.

"Usimwambie."

"Ardis."

"Si sasa. Wamemshona kichwa nyuzi sitini. Mkono wa kushoto hawajui kama mishipa itaunga. Unataka kumwambia ili apone, au ili wewe upumue?"

Orrin alitafuta jibu kwa uaminifu, maana alikuwa mtu mwaminifu, akakuta kwamba hajui.

Siku zile za kungoja alifanya kitu kimoja alichoweza kukiona. Alikuwa amegawa boksi kadhaa zilizobanwa kwa kalibu ile, kwa watu watatu wa klabu. Akaenda nyumba hadi nyumba kuzikusanya. Wawili walimrudishia bila maneno mengi, wakamgusa bega. Wa tatu alikuwa Leland.

"Za nini?" Leland alisema. "Hizi zinapiga kuliko zote nilizowahi kuwa nazo."

"Nipe tu, Leland."

"Orrin. Hizi ni nyepesi, za karatasi. Na bastola yangu ina uzito wa ratili tatu. Hazitikisiki humo, nimezipima mwenyewe, na wewe unajua." Akaweka mkono juu ya boksi. "Ungejuaje kwamba kibastola kile kitapiga teke vile?"

"Nilijua."

"Hukujua."

"Nilijua, Leland. Ndiyo maana nilimwambia akae mpaka kesho."

Leland alifungua kinywa, pengine kutafuta utani, kwa kuwa ndiyo njia yake. Hakuupata. Wakasimama hapo, na boksi halikurudishwa, na kweli hapakuwa na sababu ya kulirudisha. Orrin akaondoka mikono mitupu.

Siku ya tisa Marit aliweza kukaa. Nusu ya kichwa ilikuwa imenyolewa, jicho moja bado limevimba, mkono wa kushoto umefungwa kwenye vyuma. Ardis alikuwa ameshuka kununua supu. Marit akageuza shingo polepole.

"Baba. Bastola ilikwama. Kwa nini?"

Labda angeweza kusema mchanga. Watu husema mchanga. Alivuta kiti, akakaa, akamwambia. Alimweleza yote kwa mpangilio, kalibu ya tatu na mchana kutwa wa kuiseti, kalibu ya nne na uzuri wake, jaribio alilolifanya na lile ambalo hakulifanya. Sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtu anayesoma karatasi mahakamani. Alipomaliza hakuomba msamaha, maana aliogopa kwamba akiuomba, mwanawe atalazimika kufanya kazi ya kuutoa.

Marit aliangalia dari.

"Uvivu," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Wewe. Uvivu."

"Ndiyo."

"Mwite nesi, Baba. Nina maumivu."

Akamwita nesi. Nesi akaja na dawa, na Marit akalala, na hakumsemesha baba yake kwa siku sita. Hakumfukuza. Alimjibu Ardis, alimjibu Tavis, alijibu madaktari. Orrin alikuja kila siku akakaa kwenye kile kiti, na mtu mwingine akiingia alikuwa akimkuta ameshika kofia yake magotini kama abiria.

Siku ya saba ya kutosemeshana huko Marit alisema, bila kumtazama, "Zile mbili za kwanza zilikosa."

Orrin akainua kichwa.

"Nimekuwa nikizirudia. Ya kwanza ilipiga maji. Ya pili sijui. Alikuwa anakuja kasi, mimi narudi nyuma juu ya mawe. Ya tatu ingekwenda wapi? Wewe hujui, mimi sijui. Labda ingemwua. Labda ingekosa, na leo nisingekuwa na mtu wa kumkasirikia." Akapumua. "Nakasirika, Baba. Usifikiri nakwambia hivi ili nikupoze."

"Usinipoze."

"Sikupozi. Ila ndivyo ilivyo. Hakuna atakayejua."

Orrin alitamani apewe lawama nzima, kipande kizima, aibebe. Au asipewe kabisa. Hiki alichopewa hakikuwa na mahali pa kukishikia.

Marit alitolewa hospitali mwisho wa Oktoba, theluji ya kwanza ikiwa imeshapita. Nyumba yake ilikuwa na ngazi kali, kwa hiyo alikaa kwa wazazi wake majira yote ya baridi, kwenye chumba chake cha usichana. Kila Alhamisi Orrin alimwendesha kwenda kwa mtaalamu wa viungo, saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi. Mtaalamu alikuwa mama mmoja mnene mcheshi, akimwambia Marit abane sponji, aachie, abane. Kidole gumba na cha shahada viliitika. Vile vitatu vilibaki vimelegea kama glavu. Orrin alikuwa akikaa kona ya chumba. Aliona namna kano za shingo ya mwanawe zilivyosimama kwa juhudi, na vidole vile vitatu visivyosikia, na mwili wake mwenyewe ulikaza, bega mpaka unyayo, kana kwamba angeweza kubana kwa niaba yake.

"Mzee, pumua," yule mama alimwambia mara moja. "Utazimia, na mimi siwezi kukubeba."

Marit akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Septemba. Orrin akacheka pia, akashindwa kuacha kwa wakati, akatoka kwenda kuwasha gari.

Gerejini hakwenda, isipokuwa kuchukua koleo la theluji. Mashine ilishika vumbi. Ardis alimwuliza Januari kama aviweke vile vitu kwenye boksi, akasema fanya unavyotaka, naye Ardis hakufanya. Watu wa klabu walipiga simu kuuliza habari za kalibu, kama zamani, na akawajibu kwa ukamilifu na upole, akaweka simu chini, akakaa sebuleni.

Mwezi wa tano Marit alirudi kwake. Kazini walikuwa wamempa meza, ramani na kompyuta, naye aliivumilia wiki tano. Jumapili moja alikuja kula chakula cha mchana, akala nusu ya pai ya mama yake, kisha akasema amewaomba wamrudishe kijitoni Septemba. Tavis atakuwa naye hatua kwa hatua. Watabeba makopo mawili ya pilipili kila mmoja, na kengele. Bastola hapana.

Ardis aliweka uma chini, akaondoka mezani, wakasikia maji ya bomba yakifunguliwa jikoni bila kitu cha kuosha.

"Mkono huo, Marit," Orrin alisema.

"Nahesabu mashimo kwa macho."

"Ukianguka?"

"Nitaanguka."

Alimfuata mpaka barazani. Marit alikaa kwenye ngazi kuvaa buti, zile ndefu za kamba. Orrin akasimama juu yake. "Nikufanyie nini?" aliuliza. "Niambie kitu. Chochote."

Marit alifikiri. Alifikiri kweli, mtu anaona, uso wake uliokuwa na kovu kutoka kwenye nywele mpaka sikioni ukatulia. "Sijui, Baba," alisema. "Kama ningekuwa nacho ningekupa."

Akainama kufunga kamba. Mkono wa kulia ulivuta, wa kushoto ukajaribu kushika kitanzi kwa gumba na shahada, kikateleza. Akaanza upya. Kikateleza. Orrin akapiga goti moja.

"Acha," Marit alisema.

Akasimama. Akaingiza mikono mifukoni, akaitoa, akairudisha. Kitanzi kilishika mara ya nne, kikafunguka alipokaza, na mara ya sita kikakaa. Kisha akahamia buti la pili. Upepo wa mchana ulikuwa unaleta harufu ya mbao mbichi kutoka upande wa jirani. Orrin alitazama kila kitanzi kikiundwa na kikifunguka, na hakugeuza macho, kwa sababu hiyo angalau aliweza.

Marit aliposimama alimpiga baba yake begani kwa ule mkono mzima, kwa nguvu kidogo, akapanda pikapu akaondoka. Orrin akabaki barazani. Ardis alimwita ndani kunywa kahawa, akamwita tena, na mara ya tatu akaileta mwenyewe huko nje, akasimama naye.